Nakala ya Kwanza ni ya Anayechekwa

Nilichelewa kumzika Bi Maryamu. Alipofariki nilikuwa Tanga, natengeneza majokofu ya watu kwa ujuzi wa kuangalia tu, na simu yangu ilikuwa imeharibika. Habari zikanifikia wiki ya tatu kwa kinywa cha dereva wa lori aliyedhani nimeshajua. Nikawahi hitma ya arubaini. Niliingia mtaa wa Kibokoni baada ya sala ya alasiri na mfuko begani, nikakuta mikeka imetandikwa uchochoroni kutoka mlangoni pake mpaka kona ya muuza kahawa, wanaume wameketi safu mbili, kila mmoja na juzuu yake, na ndani kwa wanawake zasikika sauti za masufuria na yatoka harufu ya biriani iliyoshushwa sasa hivi. Nilivua viatu, nikapewa juzuu, nikatafuta pa kuketi. Mbele yangu alikuwa mzee mwembamba wa kanzu iliyopigwa pasi vizuri, mkono wake wa kulia umefunikwa na wa kushoto juu ya paja, kama mtu anayemzuia ndege asiruke. Nilimjua kwa mkono ule kabla ya uso. Ni Faki, aliyekuwa diwani wetu.

Baada ya dua tuliangukia sinia moja. Alikula kwa kijiko, polepole, na wenzetu wawili wa sinia walijifanya hawaoni punje zinazoanguka. Hakunisalimu mpaka alipomaliza nyama yake.

"Kombo. Ulikuwa wapi wewe?"

"Tanga, Mheshimiwa."

"Uheshimiwa niliuacha zamani. Umemwandikia shukrani mwalimu wako?"

"Bado."

"Basi ukiandika, wajua nakala ya kwanza inakwenda kwa nani."

"Kwa anayechekwa."

"Nami najua hutaacha kunicheka," akasema, akaupeleka mkono kwenye achari ya embe, ukafika baada ya safari ndefu. "Niletee."

Ili mtu aelewe maneno hayo, sina budi kueleza mwaka mmoja. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la saba kabla ya mtihani, si kwa shida yoyote. Nilichoka kupewa jibu kabla sijamaliza kuuliza. Tangu hapo nilikuwa nimefanya utingo, nimeosha sahani hotelini, nimeuza miwani ya jua, nimepakia saruji, na kila kazi niliiacha siku ile nilipoielewa. Nikikosa kazi nilikaa kwa muuza kahawa wa Kibokoni nikisikiliza watu, na nikisha kuwasikiliza niliwaigiza. Siku moja nilikuwa nikimwigiza chifu anavyosoma tangazo la kodi kama anayesoma talaka, watu wanacheka na vikombe mkononi, dirisha la juu likafunguliwa. Mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa uzi, akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyechelewa.

"Wewe mwenye ulimi. Wajua kuandika?"

"Najua."

"Wajua, au wadhani?"

"Nadhani," nikasema, na kwa jibu hilo akaniambia nipande.

Chumba kile nakiona hadi leo. Kilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vitambaa, dari ya boriti nyeusi, kuta nene zenye vidaka ambamo watu wa zamani waliweka vyombo vya kaure na yeye akaweka magazeti. Bi Maryamu alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na gazeti lake liliitwa Roshani: kurasa nne, zikitolewa fotokopi dukani chini, zikiuzwa kila Ijumaa. Palikuwa na meza mbili. Moja ilikuwa yake, ya pili ya Bwana Wambua, karani mstaafu wa reli aliyekuja kwa miguu kila asubuhi kutoka Tononoka na kupiga chapa gazeti zima kwa taipureta iliyokosa herufi moja, akaijazia kwa kalamu. Saa nne kazi ilisimama. Mtoto wa jirani alileta mahamri kwenye kitambaa na bakuli la mbaazi za nazi, na tulikula juu ya meza ya Bwana Wambua kwa sababu ndiyo pekee isiyo na makaratasi. Bwana Wambua alisema kwao Machakos mbaazi amezila tangu kuota meno lakini hakujua kama zavaa nguo. Bi Maryamu alimjibu kila siku jibu lile lile: "Zivue basi, uache tui." Wala hakuacha. Alipangusa bakuli kwa hamri la mwisho, akajifuta mikono kwa leso, akarudi kupiga chapa.

Kazi yangu ilikuwa safu ya ukurasa wa pili, iliyoitwa "Twashukuru". Ilikuwa barua ya shukrani kwa wakubwa, na haikuwa na neno moja la tusi. Ya kwanza niliyoiandika peke yangu ilikuwa hivi: Twamshukuru mkuu wa usafi kwa kuliacha jaa la taka likue. Mji wetu hauna mlima, na watoto walikuwa wakiisoma milima vitabuni tu. Bi Maryamu aliisoma, hakucheka, akaniambia niongeze urefu wa mlima. "Mzaha usio na kipimo ni kelele," akasema. Nikashuka, nikaenda kupima jaa kwa kamba, watoto wakinifuata. Jaa lilifika dirisha la ghorofa ya kwanza. Nikaandika hivyo.

Ijumaa, kabla nakala haijauzwa hata moja, akanipa ile ya juu kabisa, bado ina joto la mashine. "Hii ni ya mkuu wa usafi. Mpelekee mkononi. Akikukaribisha, keti. Akikupa kahawa, kunywa. Usiondoke mpaka amalize kusoma." Nilidhani ananitania. Bwana Wambua, bila kuinua macho, akasema: "Ndiyo shuruti ya nyumba hii, kijana. Mimi mwaka wa kwanza nilidhani ni adabu. Ni adhabu."

Nikaenda. Mkuu wa usafi alikuwa mtu mpole mwenye ofisi yenye feni moja. Tulisalimiana salamu zote, za nyumbani, za afya, za jamaa, nami nimeshika karatasi inayomcheka. Aliisoma mara tatu. Kisha akauliza, "Huu mlima, ni kweli umefika dirishani?" Nikamwambia nilipima kwa kamba. Akaguna. "Haya, kunywa kahawa yako." Wiki ya pili lori likaja, likachukua mlima. Lakini lililonibadilisha mimi si lori. Ni ile kahawa. Tangu siku ile kila nilipoketi kuandika, niliona kikombe kwenye kisahani na mtu upande wa pili wa meza, na sentensi nyingi nilizozipenda zilikufa zenyewe. Mara moja niliandika habari za tumbo la afisa mmoja wa soko. Bi Maryamu alipiga mstari juu yake. "Ukimcheka mtu kwa alichofanya, kesho aweza kuacha. Ukimcheka kwa alivyoumbwa, wataka afanye nini? Arudi tumboni kwa mamake?" Nikabisha kwamba tumbo lile lilitokana na rushwa. "Basi icheke rushwa," akasema. "Tumbo halikutia saini."

Katikati ya mwaka ule ikaja habari ya bomba. Kibokoni palikuwa na bomba la mtaa, kibanda cha saruji chenye mifereji minne, na siku moja tuliamka tukakikuta na kufuli. Tangazo lilisema kinatengenezwa. Hakuna aliyeonekana akitengeneza. Badala yake likaja lori la tangi, na wanawake wakawa wananunua maji pale pale walipokuwa wakiyapata, na kila mtu alijua kwamba mwenye lori ndiye aliyembeba Diwani Faki kwenye kampeni. Bi Maryamu alimshukuru diwani mara tatu katika safu yetu. Shukrani hizo aliziandika mwenyewe, na nakala alizipeleka mwenyewe, kwa kuwa yeye na Faki walikua uchochoro mmoja, wakasoma chuo kimoja cha Kurani. Mimi sikuwahi kuingia nyumba ya diwani. Lakini barazani nilisikia shukrani zile zikifanya kazi. "Ati twashukuru kwa kutuepusha na kuzama," mzee mmoja alisema, na mwenziwe akamjibu, "Wewe wacheka. Mke wangu jana amemuuliza Faki sokoni, mbele ya watu: Mheshimiwa, bomba lenu lajionaje, lalala usingizi mwema?" Diwani akaanza kupita njia za nyuma. Kufuli ilikuwa imebakisha kidogo ifunguke.

Hapo ndipo Bi Maryamu aliposafiri kwenda Lamu, harusi ya mpwa wake, wiki mbili. Alituachia gazeti na maneno mawili: "Shuruti mwazijua." Wiki ya pili palikuwa na mkutano wa hadhara, na diwani alisimama kueleza habari ya bomba. Aliposhika kipaza sauti, mkono wake ulitetemeka hata sauti yake ikawa yaja na kurudi. Mimi nilisimama mbele kabisa. Niliona hofu ya mwongo, na niliona safu nzima imeshajiandika. Nikarudi mbio juu. Twamshukuru Mheshimiwa kwa mkono wake wa kulia. Wengine husema uongo bila kutikisika kiungo. Yeye mkono wake una haya kuliko ulimi. Uchaguzi ujao twaomba tuupigie kura mkono.

Bwana Wambua alipoipiga chapa alicheka hata akavua miwani. Sitamsingizia, alicheka kwa dhati, nami nikacheka kwa kumwona anacheka. Kisha akavaa miwani yake, akasoma tena, akasema taratibu, "Haya. Na nani ataipeleka?"

"Mimi."

"Wewe, au miguu yako?"

Ijumaa ile nakala ziliisha kabla ya sala, tukatoa nyingine, zikaisha. Sijapata kusikia mji ukicheka namna ile kwa neno langu. Muuza kahawa alipomimina alitetemesha mkono, kahawa ikamwagika, watu wakaanguka. Watoto waliotoka madrasa walipita wakitikisa mikono ya kulia kama wanaokausha nguo. Nilitembea Kibokoni nzima nikisikia sentensi yangu ikitoka kwenye madirisha, na niseme kweli, siku ile nilifurahi kuliko siku zote za ujana wangu. Nakala ya kwanza nilikuwa nayo mfukoni. Nilifika nayo mpaka mtaa wa Kuze, mpaka mlangoni kwa diwani. Nikainua mkono nigonge. Ndani sauti ya mwanamke ilikuwa ikisema, "Weka mto hapo, chini ya kiwiko. Hapo. Yauma?" Nikaushusha mkono, nikainama, nikapitisha karatasi chini ya mlango, nikaondoka kwa hatua za mtu anayewahi sala.

Bi Maryamu alirudi na mikate ya mofa na tende, akatugawia, akakaa, akavaa miwani. Alikuwa ameshasoma.

"Ulimpelekea?"

"Nilimpelekea."

"Mkononi?"

"Mkononi."

"Akakukaribisha?"

"Akanikaribisha. Tukanywa kahawa."

"Nani alimimina?"

"Mwenyewe," nikasema.

Taipureta ikanyamaza. Bi Maryamu akaurudisha mkate wake kwenye karatasi. "Faki huu mwaka wa pili hajamimina kahawa," akasema. "Mkewe humimina, na kikombe humshikia mpaka mdomoni. Ni maradhi, Kombo. Yalianza na kidole kimoja." Nilitaka kusema sikujua. Akaniwahi. "Ungejua. Ungegonga mlango ungejua." Kisha akavuta nakala kutoka kwenye kidaka, akaikunja mara mbili, akaniwekea mbele. "Mpe mkononi. Keti mpaka amalize. Ukirudi, chai yako ipo. Ukishindwa, ngazi hii usiipande tena, na sitakutukana popote."

Nilishuka. Sikwenda Kuze. Nilikwenda chumbani nilikolala, nikatia nguo zangu mbili kwenye mfuko wa begani, nikatembea hadi Mwembe Tayari kwenye mabasi ya mbali. Ndivyo nilivyokuwa nikifanya sikuzote: mahali pakinilemea, nilipaacha. Lakini nilipokuwa nimesimama pale, utingo akinivuta huku na mwenziwe kule, nilitambua kwamba kwa mara ya kwanza kulikuwa na mahali ninapopataka. Nilikitaka kile chumba cha boriti. Niliyataka mahamri ya saa nne na mzaha ule ule wa tui. Na bado hilo halikutosha kunirudisha, maana hofu yangu ilikuwa kubwa kuliko mapenzi. Kilichonirudisha ni udaku. Niliwaza: atasema nini? Mtu aliyechekwa na mji mzima, akikaa uso kwa uso na aliyemcheka, hufungua kinywa na neno gani? Nikaona kwamba nikipanda basi nitazeeka bila kujua. Nikageuka.

Safari hii niligonga. Mkewe, Bi Aziza, ndiye aliyefungua. Diwani alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao, kiwiko juu ya mto. Tukasalimiana zote, hakuacha hata moja. Aliniuliza hali ya Bwana Wambua na hali ya mashine ya fotokopi. Nikampa nakala mkononi. Karatasi ikaanza kutikisika kama imeshikwa na upepo, macho yake yakahangaika na mistari, akanirudishia. "Soma wewe. Hainitulii."

Kwa hivyo niliisoma, mimi mwenyewe, kwa sauti, mbele yake na mbele ya mkewe aliyesimama na dele la kahawa. Safu yenyewe ilikuwa fupi. Sijapata kusoma kitu kirefu kama hicho. Nilipofika kwenye kura, sauti yangu ilikuwa haisikiki, akaniambia nirudie. Nikarudia.

"Nakushukuru," akasema.

Nilidhani sikumsikia vizuri.

"Nakushukuru sana, mwanangu. Mwezi mzima nilikuwa siwezi kupita sokoni. Kila mwanamke, Mheshimiwa, bomba. Mheshimiwa, bomba. Maryamu alikuwa ameniweka pabaya kwa zile barua zake. Tangu Ijumaa hapana hata mmoja aliyenitajia bomba. Waniuliza mkono. Nimeletewa chupa tatu za asali, na habasoda, na mafuta ya nyonyo. Msikitini nimeombewa dua. Hata mahasimu zangu wamekuja kunipa pole. Umeniokoa." Akauweka sawa mkono uliokuwa ukicheza juu ya mto. "Kwa hivyo endelea. Wiki ijayo shika mguu. Nao waanza."

Nimesoma na kusikia kejeli nyingi tangu siku ile. Sijasikia iliyokatwa vizuri namna hiyo, na ilikatwa na mtu niliyemwita asiye na haya. Nikamwomba radhi. Akasema radhi ya mkono nimeipata, kwani mkono wenyewe siku hizi si wake. Bi Aziza akanimiminia kahawa. Ilikuwa chungu na ya moto, nami nikainywa yote. Ukutani, chini ya kalenda, palikuwa na msumari, na kwenye msumari ufunguo wenye kamba ya buluu. Niliuona. Sikuuandika wakati ule, maana kitu ulichokiona ukiwa mgeni si chako. Lakini ulimi ulinishinda.

"Na bomba je?"

Bi Aziza akacheka, mara ya kwanza. "Huyu kweli ni wa Maryamu."

"Latengenezwa," akasema diwani.

"Naweza kuyaandika haya?"

"Andika. Na mara hii tumia mlango, si nafasi ya mende."

Nilirudi juu, chai yangu ikiwa imefunikwa kwa kisahani. Niliwasimulia yote, pamoja na Mwembe Tayari. Kisha tukaketi watatu tukaandika safu, na Bwana Wambua ndiye aliyetoa mwanzo wake. Wiki iliyopita safu hii iliucheka mkono wa Mheshimiwa Faki. Mkono ule ni mgonjwa, na aliyeucheka ni mjinga. Mjinga huyo ndiye mwandishi wenu. Twaomba radhi. Na kwa kuwa desturi yetu ni kumtazama mgonjwa, twawaomba wenyeji wa Kibokoni na Kuze waende wakamtazame. Asiende mtu mikono mitupu. Kila mmoja abebe mtungi wake wa maji, mtupu. Bi Maryamu alifuta neno moja tu, lile la mwisho. "Watajua wenyewe," akasema.

Nilipompelekea nakala na kumsomea, diwani aliutazama mlango. "Wangapi watakuja?"

"Sijui, Mheshimiwa."

"Aziza," akaita, "kahawa ipo ya kutosha?"

Siku ya kwanza walikuja watatu. Siku ya pili sikuweza kuhesabu. Wanawake wa buibui, kila mmoja na mtungi wa plastiki wa manjano, waliingia kwa zamu, wakaketi, wakasalimu. Nilikuwa nimesimama uchochoroni na niliyasikia yote kupitia dirishani. "Wajionaje, Mheshimiwa?" "Alhamdulillahi." "Usingizi waupata?" "Kidogo." "Mola akuafu. Mtungi wangu nauacha hapa mlangoni, mzito kuurudisha." Hakuna aliyelitaja bomba. Hakuna aliyeinua sauti. Mitungi ilijipanga kutoka mlangoni kwa diwani hadi kona ya msikiti, mitupu yote, na upepo ulipopita ilitoa mlio kama wa mtu anayepumua. Bi Aziza alimimina kahawa tangu asubuhi hadi magharibi. Siku ya nne alitoka nje na buibui lake, ufunguo wa kamba ya buluu mkononi, akapita katikati ya wanawake bila kusalimu, akaenda moja kwa moja Kibokoni, akafungua kufuli. Maji yakatoka mekundu kwa kutu, kisha meupe.

Mji uliamua kwamba amechoka kumimina. Mwenye lori la tangi alikuja kumfokea diwani, watu wakasikia diwani akijitetea kwamba mkewe amemzidi nguvu, na kwamba akimpokonya ufunguo hatapata wa kumshikia kikombe. Tangu hapo barazani aliitwa Mume wa Bi Aziza. "Diwani wetu ni Bi Aziza," walisema, "huyu ni karani wake." Alimaliza muhula wake akichekwa, hakugombea tena. Bomba halikufungwa tena.

Nilikaa kwa Bi Maryamu mpaka mwaka ukatimia, na hakuna mahali nilipokaa kwa hiari muda mrefu kuliko hapo. Nilipoaga hakunizuia. Roshani lilikufa baadaye, Bwana Wambua aliporudi kwao na macho yake Bi Maryamu yalipofifia. Siku hizi nakaa mji huu na ule, na katika kila mji watu wamenionyesha kwenye simu zao wakubwa wakichekwa: nyuso zimevutwa, sauti zimechezewa, miguu, meno, rangi. Nami hucheka, maana mengine yachekesha kweli. Kisha huuliza, huyu alifanya nini? Mara nyingi aliyenionyesha hajui. Sisemi tulikuwa bora. Mimi ndiye niliyeuandika ule mkono. Lakini palikuwa na mwanamke aliyenilazimisha kugonga mlango, na kwa miaka yote niliyotangatanga baada ya hapo sijamzungumzia mtu vibaya bila ya kujiuliza kama nitaweza kunywa kahawa yake. Nilianza kuandika shukrani za uongo chumbani mwake. Hizi ni za kweli, na nimechelewa nazo siku arubaini na miaka mingi.

Nilipomaliza kuyaandika haya, nilikwenda Kuze na karatasi zangu, nikagonga. Mzee Faki alikuwa kwenye kiti kile kile, mto umebadilika. Bi Aziza amepungua, lakini dele bado analo mkononi. Niliwasomea yote. Hakunikatiza hata nilipofika kwenye watoto wa madrasa. Nilipofika kwenye kufuli, Bi Aziza aliweka dele chini.

"Hapo umekosea," akasema. "Ufunguo sikuutoa msumarini."

"Aziza," akasema mumewe.

"Alinipa yeye. Alfajiri ya siku ya nne, baada ya sala. Aliutoa msumarini mwenyewe, akauangusha mara mbili, hakutaka nimsaidie. Akaniambia, nenda wewe. Nikienda mimi, mwenye lori atajua nimemgeuka, atatafuta njia ya kulifunga tena. Ukienda wewe, atadhani umenishinda, na watu watanicheka tu."

Niliitazama kalenda, mpya, na msumari chini yake hauna kitu. Miaka yote ile watu walimcheka barazani kwa kutawaliwa na mkewe, nami niliwaigiza walivyomcheka, Tanga na Lamu na kwingineko, na yeye akaketi na mkono wake juu ya mto akawaacha wacheke, ili maji yatoke.

"Acha hilo," akaniambia. "Mwenye lori ameshakufa, lakini wanawe wapo. Na mimi nimeshalizoea jina langu. Usiandike."

"Andika," akasema Bi Aziza, akanimiminia kahawa.

Nikamtazama mmoja, nikamtazama wa pili. Mzee Faki akauinua mkono wake wa kulia kutoka kwenye paja, akaunyoosha kwangu, unatetemeka, kiganja juu, kama anayedai kitu. Nilidhani ataka karatasi azichane. Akatikisa kichwa.

"Si hizi," akasema. "Hizi zina kosa. Ukisha kulitengeneza, niletee nakala ya kwanza."

Nimelitengeneza. Kesho nakwenda Kuze.